Ujumbe Usiopita kwenye Chekeche

Asubuhi hiyo Subilaga Mwakalobo alikuwa ameshagombana na kompyuta kabla hata chai yake haijapoa. Chekeche, programu yake ya kuchuja sentensi, lilikuwa limepita katika mafaili yote ya toleo jipya, likatema orodha yake, na orodha ile haikulingana hata kidogo na kilichokuwa kikitokea pale mezani.

"Unanidanganya," aliiambia kompyuta. Kompyuta ilikaa kimya, na hilo nalo likamuudhi.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza. Harusini, mtu akimuuliza anajishughulisha na nini, naye akaanza kufafanua, muulizaji aliitikia kwa adabu kisha akageukia pilau. Hakuwalaumu. Hata yeye kuna siku aliamka akajiuliza kama kweli mtu mzima anaweza kulipwa mshahara kwa kuokota sentensi za watu wengine.

Lakini sentensi zenyewe ziliishi vifuani mwa watu. Mlinzi kilikuwa kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya mfupa wa bega, waya wake ukishuka mpaka moyoni. Watu walimtaja kama mtu, na Subilaga naye alikuwa ameshazoea hivyo. Mlinzi aliusikiliza moyo usiku na mchana, akausukuma ulipozembea, na alipokuwa na neno alilisema kupitia mfupa wa sikio, na mwenye mwili akasikia peke yake. Punguza mwendo. Kunywa maji. Umesahau dawa ya asubuhi.

Kiwanda kilichomtengeneza kilikuwa ng'ambo, na waandishi wa programu wa huko waliandika kwa lugha yao. Kila sentensi waliyotaka binadamu aisikie walitakiwa kuifunga kwa alama, herufi moja na mabano mawili, basi. Chekeche la Subilaga lilipita katika msimbo mstari kwa mstari, likaziacha amri za mashine zipite, likashika kila sentensi yenye alama. Zilizoshikwa zilikwenda kwa wafasiri, zikarudi na Kiswahili chake. Sentensi isiyo na alama chekeche liliiruka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa sababu ya wazee waliozimia miaka ya mwanzo huku kidude kikiwapigia kelele kwa lugha wasiyoijua, ilikuwa imepitishwa Sheria ya Kinywa: chombo kilichomo mwilini mwa mtu kitasema lugha ya mtu huyo, la sivyo kinyamaze. Kwa hiyo mwandishi mmoja akisahau alama moja huko kwenye baridi yake, mtu wa Chunya au wa Ileje alikuwa na Mlinzi bubu.

Nao walisahau. Walisahau kila toleo. Waliomba radhi kwa vikatuni vya uso wenye haya, wakasahau tena. Mwishowe kiwanda kilimpa Subilaga ruhusa ya kurudisha mwenyewe alama zilizosahaulika, kwa saini yake, ili wao wapate kulala.

Sasa pale mezani kulikuwa na moyo wa mpira uliounganishwa na pampu na chupa ya maji mekundu, na juu yake Mlinzi mpya, uchi, bila mwili wa kumficha. Taa ndogo ya kijani iliwaka kila alipofungua kinywa, na kipaza sauti kikatoa maneno. Subilaga alikuwa ameupitisha moyo ule katika kila aina ya taabu anayoweza kuipata binadamu. Ulipokimbia, Mlinzi alisema. Ulipoishiwa maji, Mlinzi alisema. Ndipo alipoufungia pampu pole pole, kama inavyokuwa kwa moyo uliochakaa usiokuwa na siku nyingine, na taa ikawaka. Kipaza sauti kikanyamaza.

Taa ikazimika. Baada ya muda ikawaka tena, ndefu zaidi. Kimya.

"Sema basi," alisema Subilaga kwa hasira. "Una nini?"

Alibadilisha lugha, akaweka ile ya kiwandani, ambayo alikuwa ameisoma kwa taabu miaka mitatu ya chuo. Akaanza upya. Safari hii taa ilipowaka sauti ya kike, tulivu, ilijaza chumba. Ilisema: Moyo wako utasimama leo. Saa zilizobaki ni chache. Hakuna tiba itakayobadilisha hali hii. Wasiliana na wale unaowapenda.

Subilaga alikaa kwenye kiti.

Mama yake, Tumpe, alikufa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, debe la mahindi miguuni, Mlinzi kifuani. Alikuwa ametoka nyumbani asubuhi kama kawaida. Familia iliambiwa kwamba kifo kilikuja ghafla, kwamba hata Mlinzi hakukiona. Subilaga aliamini hivyo, akawaeleza na waombolezaji hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtaalamu wa Mlinzi. Kumbe taa ilikuwa imewaka. Ndani ya mama yake Mlinzi alifungua kinywa njia nzima ya kwenda mashineni, na hakuna neno lililotoka.

Alifungua msimbo. Sentensi ilikuwepo, katikati ya wenzake. Zilizotangulia zilikuwa na alama, zilizofuata zilikuwa na alama, yenyewe haikuwa nayo. Alisonya kwa nguvu mpaka mwenzake wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Akaandika kwa kiwanda kwa herufi kubwa: MMESAHAU HII, NA IMEUA.

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana, fupi na safi. "Si kosa. Alama iliondolewa kwa ombi la ofisi yenu. Tafadhali funga suala hili."

*

Daktari Zuhura Kiwanga, mkuu wa ofisi, alikuwa daktari wa moyo kabla ya kuwa mtu wa lugha, na alikuwa bado na tabia ya kumwangalia mtu shingoni, kwenye mshipa, kabla ya kumwangalia usoni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa, Subi. Umekuja mbio."

"Nani aliomba alama iondolewe kwenye ujumbe wa mwisho?"

Daktari Zuhura alivua miwani, akaiweka mezani pole pole. "Mimi."

Subilaga alikuwa amejiandaa kugombana na mtu atakayekana. Hakujua afanye nini na mtu aliyekubali.

"Nilijua iko siku utaufikia," alisema Daktari. "Sikujua niseme nini, nikanyamaza. Sasa nisikilize kwanza, halafu unitukane. Toleo la kwanza ujumbe ulikuwepo, kwa Kiswahili sanifu, umetafsiriwa vizuri kabisa. Nilikuwa wodini ulipotoka mara ya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Kalinga, mwalimu mstaafu, mcheshi. Alikuwa anakula chungwa. Nikamwona anaacha kutafuna. Akang'oa nyaya, akashuka kitandani, akakimbilia ngazi na gauni la hospitali linapepea nyuma. Mimi na manesi nyuma yake. Alikuwa na saa zake kadhaa yule, Subi. Pengine mpaka jioni. Hakufika hata ghorofa ya chini."

"Alikuwa mmoja."

"Walifuata wengine. Mama mmoja alijifungia chooni. Moyo mbovu ukitiwa hofu unajimaliza wenyewe. Karibu wote walioambiwa walikufa mapema kuliko wasioambiwa. Nikajiuliza, sisi ni nani tunaoingia kifuani kwa mtu kumnyang'anya saa zake? Tena hata sisi wenyewe hatuambiani hivyo. Mama yangu alipofariki nilipigiwa simu kwamba anaumwa kidogo, njoo. Kidogo! Nani kwetu anatangaziwa msiba kwa simu? Nikakiandikia kiwanda: katika jamii yetu habari hiyo haisemwi. Wakaondoa alama. Walifurahi, maana ilikuwa kazi ya dakika."

"Lakini kwao wenyewe wanaambiwa."

"Sheria zao zinawalazimisha. Nao wanakufa mapema. Takwimu zipo."

"Wanakufa wamewaaga watoto wao."

"Wengine. Wengine wanakufa ngazini kama Kalinga."

"Na mama yangu?" Sauti ya Subilaga ilimponyoka ikapanda. "Mama yangu mmempa nini?"

"Alipata saa zake zote," alisema Daktari Zuhura taratibu. "Hakunyang'anywa hata moja."

"Alizipata kwenye foleni ya unga!"

Nje ukungu ulikuwa umeshuka ukafunika kilima chote, na mtu fulani koridoni alikuwa akicheka kwenye simu bila kujua anachokatiza.

"Basi kila mwenye Mlinzi aulizwe," alisema Subilaga. "Unataka kujua, hutaki. Achague."

"Niliomba. Omba na wewe uone."

Aliomba siku hiyo hiyo. Kiwanda kilijibu kwamba swali la chaguo linahitaji ukurasa mpya, ukurasa mpya unahitaji majaribio, na majaribio yatapangiwa nafasi katika toleo la mwaka kesho, kama bajeti itaruhusu. Toleo la sasa lilikuwa linafungwa wiki inayofuata. Kuhusu alama, waliongeza, yeye ana ruhusa yake, na wasingependa kuingilia masuala ya utamaduni.

Subilaga alilisoma jibu lile akiwa amesimama. Lilimkera kuliko tusi. Watu waliotengeneza kitu kinachojua siku ya kufa kwa mtu walikuwa hawawezi kuongeza swali la ndiyo au hapana, na mzigo wenyewe wakamtupia yeye, mwokota sentensi.

*

Jumamosi alikwenda Tukuyu kwa baba yake.

Mzee Anyitike alikuwa kibarazani, amezungukwa na mabomba ya kupulizia dawa ya kahawa, yaliyofunguliwa vipande vipande. Watu wa vijiji vyote vya jirani walimletea mabomba yao, na alikuwa akiwagombeza wote kwa kutoyaosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa huku, huko kuna dawa." Aliinua kidole kidogo, akasikiliza kitu ambacho Subilaga hakukisikia, kisha akakijibu kwa sauti kubwa: "Nimekusikia! Namaliza hii!" Akamgeukia binti yake. "Mpangaji wangu. Anataka ninywe maji. Kodi halipi, amri anatoa."

Subilaga alicheka bila kupenda. Baba yake alikuwa amewekewa Mlinzi mwaka mmoja baada ya mkewe kufa, na tangu siku hiyo alimwita mpangaji. Alimletea maji. Mzee akanywa, akakionyesha kifua chake glasi tupu. "Umeona? Haya, lala."

Walikula ndizi na maharage, wakazungumza habari za mvua na za ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani mara mbili na bado mwenyewe anasema si wake. Subilaga alingoja mpaka baba yake aliporudi kwenye mabomba yake, mikono ikiwa na kazi, maana alijua hivyo ndivyo anavyopenda kuzungumza.

"Baba, kama mpangaji angejua kwamba siku yako imefika, ungetaka akwambie?"

Mzee hakuinua macho. "Anajua?"

Subilaga alishindwa kujibu, na kushindwa kwake kukawa jibu.

"Ahaa," alisema mzee. Alifunga skrubu, akaifungua tena. "Sitaki."

"Hata kama—"

"Sitaki, mama. Mungu anajua, inatosha. Sasa mimi nikae hapa nahesabu? Mama yako alikufa akicheka pale mashineni. Mke wa Ambakisye, aliyekuwa naye kwenye foleni, alinieleza, walikuwa wanamsema yule mwenye mashine kwa tumbo lake. Akacheka, akainama, basi. Nani asiyeutaka mwisho huo?"

"Mimi sikuutaka," alisema Subilaga, na machozi yakamtoka hapo hapo, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. "Mimi nilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Ningekuja. Ningemshika mkono. Wewe ulikuwa shamba la juu, umbali wa kuitwa kwa sauti tu. Akafa na watu wa foleni."

Mzee Anyitike aliweka bisibisi chini. Alimwacha alie. Alipoona amepungua alisema, "Pole, mama. Pole sana." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kukaa na kilio bila kukipa kazi, akaanza kusimulia.

"Baba yako mkubwa alipofia Kyela, mimi nilikuwa kibarua kiwanda cha chai. Walikuja wawili kunichukua. Wakasema, kaka yako anaumwa, twende. Nikapanda gari. Wao wananizungumzisha habari za mpira. Mimi nami najibu habari za mpira. Tumefika kwenye kona ya kanisa nikaona mabenchi yametolewa nje, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni. Hakuna aliyeniambia kitu, mama, mpaka leo hakuna aliyeniambia. Lakini nilipokanyaga chini mikono ilikuwa imeshanishika, huku na huku. Kama wangeniambia kule kiwandani, kwenye zile mashine, ningeanguka juu ya zile mashine." Aliokota bisibisi yake. "Kwa hiyo mimi sisemi mtu asijue. Mimi nasema sitaki kuambiwa."

Subilaga alifuta uso kwa ukingo wa kitenge. Alibaki akimwangalia baba yake anavyolisafisha tundu la bomba kwa unywele wa waya, na alihisi kitu kimefunguka kichwani ambacho hakutaka kukigusa haraka. Daktari Zuhura alikuwa amepigiwa simu kwamba mama yake anaumwa kidogo. Akaona kufichwa tu. Hakuona kwamba simu ile ilimtoa alipokuwa, ikamfikisha kwa watu, ndipo habari ikaja yenyewe na kumkuta ameshikwa.

"Ndaga, baba," alisema wakati wa kuondoka, akishukuru kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga ya nini? Ndizi hizo?"

*

Kurudisha alama kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Herufi moja, mabano mawili. Chekeche likapita, na safari hii likashika sentensi ile, likaiweka kwenye orodha pamoja na zile za maji na dawa, kana kwamba siku zote ilikuwa mwenzao.

Tafsiri, ambayo safari hii hakuipeleka kwa wafasiri, ndiyo iliyomla siku tatu. Kanuni ya ofisi ilikuwa wazi: mfasiri aseme kilichosemwa, asipunguze. Sentensi ya kiwandani ilikuwa na habari nne, na yeye alikuwa anafikiria kuzitupa tatu. Aliandika akafuta. Aliandika kitu chenye huruma nyingi kikanuka uongo. Alikasirika, akatoka, akazunguka jengo kwenye manyunyu, akarudi na viatu vya tope. Kila alipopata maneno mazuri alimwona mzee Kalinga anaacha kutafuna chungwa. Kila alipotaka kuacha kabisa aliona debe la mahindi.

Na baba yake alikuwa amesema sitaki. Hilo hakuweza kulizunguka. Angeweza kuwarudishia sauti watu wote wa nchi nzima, lakini asingeweza kumtoa mtu mmoja wa Tukuyu asihusike nayo. Toleo lilikuwa moja. Ama wote, ama hakuna.

Siku ya kufunga toleo alichapa maneno yake ya mwisho, akayapeleka kwa Daktari Zuhura mwenyewe, mkononi, badala ya kuyaacha yapite kimya kimya katikati ya mengine.

Daktari alisoma. Ilikuwa: *Acha hiyo kazi, taratibu. Rudi nyumbani. Waite watu wako, mkae pamoja.*

"Hii siyo tafsiri," alisema.

"Hapana."

"Haijasema atakufa."

"Haijasema."

"Ataelewa?"

"Wewe ulielewa, ulipopigiwa simu?"

Vidole vya Daktari Zuhura vilikuwa vimefika kwenye shingo yake mwenyewe, kwenye mshipa, bila yeye kujua. "Nilielewa nikiwa kwenye basi," alisema mwishowe. "Nilijifanya sijaelewa mpaka nikafika." Akairudisha karatasi. "Lakini mimi nilikuwa na moyo mzima, Subi. Haya maneno hayajajaribiwa kwa mtu. Yakimwua mmoja ngazini, nani atakuwa amemwua?"

"Mimi."

"Na yule asiyetaka kujua? Ameomba nini kwako, na wewe unampa nini?"

Jibu la hilo Subilaga alikuwa amelitafuta siku zote tatu. "Ni baba yangu," alisema. "Alisema hataki."

Mkuu wake alimwangalia muda mrefu, usoni kabisa, siyo shingoni. Alionekana amechoka, kama mtu aliyebeba kitu miaka mingi na sasa anaombwa asaidiwe na mtu asiyejua uzito wake.

"Sikubaliani," alisema. "Uandike kwamba sikubaliani. Lakini sitaifuta. Niliwahi kuamua peke yangu na sikulala vizuri tangu siku hiyo. Saini iwe yako, na jina lako kamili."

Aliweka jina lake kamili. Toleo likafungwa, likaenda angani, likashuka usiku huo vifuani mwa watu. Alitegemea kujisikia mwepesi. Alijisikia mgonjwa.

*

Habari zilianza kurudi kidogo kidogo, kwa njia ya ripoti za hospitali, na hazikumpa raha aliyoitaka. Bibi mmoja wa Vwawa alirudi nyumbani kutoka sokoni, akaketi na wajukuu, akafa akiwa ameegemea ukuta. Dereva mmoja alisimamisha lori pembeni na kumpigia mkewe. Mwingine alidhani Mlinzi ameharibika, akaendelea kuchimba mtaro wake mpaka mwisho. Na mmoja, kijana, alielewa upesi mno, na ripoti yake Subilaga aliisoma mara moja tu, kisha akaenda kunawa uso. Kiwanda kilituma pongezi kwa ubunifu wa kiutamaduni. Aliifuta barua hiyo kwa ghadhabu, akaitoa na kwenye kapu la vilivyofutwa.

Kwa baba yake hakusema kitu. Kila alipokwenda Tukuyu alimkuta na mabomba yake, akibishana na mpangaji, naye alikula ndizi zake.

Mvua za kupandia viazi zilikuwa zimeanza simu ilipolia. Ilikuwa asubuhi, ofisi imejaa watu, na chekeche lilikuwa limekwama tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za gulio, mtu akinadi mitumba, mbuzi. "Hujambo, mama?"

"Sijambo. Uko gulioni na mvua yote hii?"

"Nilileta bomba la mtu. Sasa narudi. Huyu mpangaji wako leo kaja na maneno mapya. Ananiambia niache kazi. Nirudi nyumbani, niite watu, tukae."

Subilaga alishika ukingo wa meza. Mezani pale moyo wa mpira ulikuwa ukipiga sawasawa, puu, puu, kwa afya ya kijinga.

"Baba," alisema. "Baba, nisamehe. Ulisema hutaki kuambiwa."

"Nani kaniambia kitu?" Sauti ya mzee ilikuwa ya ukali kidogo, ile ile ya kuwagombeza wasioosha mabomba. "Mimi nimeambiwa nirudi nyumbani. Mtu kuambiwa arudi nyumbani ni ajabu? Gulio lenyewe limejaa matope."

Alisikia baba yake akimwita mtu mwenye bodaboda, akimwambia aende pole pole, hana haraka.

"Maneno hayo," alisema mzee aliporudi kwenye simu, "nimeyajua. Hayo ni ya kwetu, si ya mashine. Umeyaweka vizuri, mama."

"Nakuja, baba."

"Njoo. Mpigie na kaka yako. Lakini ukifika hapa na macho mekundu nitakufukuza. Umekuja kusalimia. Tutazungumza habari za ng'ombe wa jirani, kaingia tena."

"Ndiyo, baba."

"Na usimkimbize dereva."

Simu ilikatika. Subilaga alimpigia kaka yake, akamwambia baba anaumwa kidogo, na kaka yake hakuuliza swali hata moja, akasema tu, niko njiani. Kisha alichukua koti na mkoba, akapita kwenye mlango wa mkuu wake, ambao ulikuwa wazi.

"Daktari, naomba ruhusa. Baba anaumwa kidogo."

Daktari Zuhura alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama. Hakuuliza anaumwa nini, wala tangu lini. Alivua miwani, akaiweka kwenye kasha lake, akachukua mtandio uliokuwa nyuma ya kiti.

"Twende na gari langu," alisema. "Nitaendesha mimi."

Barabarani walizungumza habari za bei ya viazi, njia nzima, mpaka walipofika kwenye kona na kuona mabenchi yametolewa nje, na mzee Anyitike ameketi katikati ya watu, glasi ya maji mkononi, anacheka.